Watakatifu kwenye Stoo Yangu

Mashine inayobeba programu zote za kituo chetu inakaa stoo, kwenye rafu ya tatu, kati ya maboksi ya chaki na manila. Sikuiomba. Siku Sixbert, fundi wetu wa kompyuta, alipoileta alisema inahitaji mahali pakavu, penye kufuli, pasipoingia mtu ovyo, nikamwambia hapo umefika, maana ufunguo wa stoo ninao mimi na kwangu haingii ovyo hata panya. Akaiweka, akaiwasha, akaondoka. Tangu siku hiyo natunza vitu vya aina mbili: ninavyoviona, na vile ambavyo Sixbert anasema vipo.

Kituo kipo Bombambili, hapa Songea, nyuma ya mashine za kukoboa mahindi. Tunatengeneza vifaa vya shule: chati, ramani, na karatasi za mitihani za watoto wasioona, zile za nukta nundu zinazosomwa kwa vidole. Hizo za nukta nundu ndizo zinazotupa jina, na zinatengenezwa na mtu mmoja tu, Mwalimu Kunegunda. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Kompyuta inamsomea kwa sauti kilichoandikwa, yeye anapanga karatasi kwa kusikiliza, kisha anamtumia Azizi wa chumba cha pili, anayeendesha mashine ya kuchapa hizo nukta.

Sauti yenyewe ni ya mwanaume, kavu, inasoma Kiswahili kama mtu mwenye mafua anayeita majina kwenye usaili. Mwalimu ameiongeza mwendo mpaka sisi wengine tunasikia mvumo tu. Yeye anasikia kila herufi. Siku moja aliniita akaniambia, "Edna, kwenye orodha yako ya vifaa umeandika penseli mara mbili." Nilikuwa nimeiangalia orodha hiyo asubuhi nzima kwa macho yangu mawili.

Mwaka jana sauti hiyo ilikufa. Haikuuawa na mtu mbaya. Iliuawa na mhasibu.

Frida, mhasibu wetu, alihitaji programu mpya ya mahesabu. Sixbert akaiweka. Jioni Frida alikuwa anacheka na mahesabu yake, na Mwalimu Kunegunda yuko mbele ya kompyuta bubu. Nilimuuliza Sixbert imekuwaje. Sixbert ni Mmatengo wa Mbinga, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akanieleza kwamba programu haisimami peke yake. Inaegemea vifurushi vingine vya chini, na vifurushi hivyo vinaegemewa na programu nyingi kwa pamoja. Programu ya Frida ilikuja na kifurushi kipya, kikakaa palepale kilipokuwa cha zamani, na cha zamani kikafutwa. Sauti ya mwalimu ilikuwa inaegemea hicho cha zamani.

"Kwa hiyo mmepokea mzigo mpya," nikasema, "mkautupa wa zamani bila kumuuliza aliyekuwa anautumia."

"Kompyuta nyingi ndivyo zinavyofanya, dada Edna."

"Mimi ningefanya hivyo humu stoo ningekuwa nimeshafukuzwa."

Karatasi za watoto zilichelewa. Afisa akaja kutoka mkoani, akaongea kwa upole mwingi, na mimi upole wa afisa naujua. Alisema likitokea tena, kazi ya nukta nundu itahamishiwa mkoa mwingine na mwalimu atapangiwa shule. Kupangiwa shule maana yake ni kukaa kwenye ofisi ya walimu mpaka kustaafu, kusalimiwa asubuhi na kuagwa mchana. Mwalimu alishakaa hivyo zamani, kabla hajaja kwetu. Aliwahi kuniambia, "Edna, pale shuleni nilijua kila mlango unavyolia. Sikuwa na kitu kingine cha kujua." Aliniambia hilo huku anakunywa chai, kawaida tu, na mimi chai ikanishinda.

Sixbert alimhurumia kwa vitendo. Alijifungia na ile mashine ya stoo, akabadilisha utaratibu wote. Programu zote za ofisi zikahamia humo, na kila kifurushi kikapewa mahali pake, kipya hapa, cha zamani pale, hakuna kinachomkalia mwenzake. Kinachotumiwa na programu kumi kinawekwa mara moja tu na wote kumi wanaelekezwa hapo. Na kila Sixbert anapoongeza kitu, mashine inaweka toleo jipya la mfumo mzima bila kugusa matoleo ya nyuma. Asubuhi ukiwasha kompyuta yako unaona orodha ya matoleo, jipya juu, la zamani chini kabisa, unachagua. Jipya likikuharibikia, unarudi la jana kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilimpongeza. Nilimwambia hatimaye kompyuta imejifunza stoo.

Shida ilikuwa majina. Sixbert aliyaita matoleo kwa tarakimu ndefu ambazo hata yeye alizisoma kwa kunyoosha kidole. Kila mtu alikuwa ananijia stoo kuuliza lake ni lipi. Nikachoka. Ukutani kwangu kuna kalenda ya parokia, ile ambayo karibu kila siku ina mtakatifu wake. Nikamwambia Sixbert, siku uliyotengeneza toleo, angalia mtakatifu wa siku hiyo, andika jina lake, tupumzike wote. Alifurahi sana. Alikuwa mtumikiaji wa altare utotoni, na watumikiaji hawaachi kuwa watumikiaji. Akaanza na lile la kwanza kabisa, alilomtengenezea Mwalimu Kunegunda sauti yake. Tarehe yake kwenye kalenda haikuwa na mtakatifu, iliandikwa tu "siku ya kawaida". Akaliita Kawaida.

Hapo ndipo tulipoharibu, ila ilichukua muda kuonekana.

Songea mtu akibatizwa anapewa somo, mtakatifu wa jina lake, na somo wako humwachi. Siku yake inapofika unapongezwa, wenye uwezo wananunua soda. Sasa fikiria umewasha kompyuta asubuhi na somo wako huyo hapo kwenye orodha, kwa herufi nyeupe. Utampita umchague nani? Mkuu wa kituo, Ndugu Polikarp, aliona toleo la Polikarp akalichagua siku hiyohiyo, akaniambia, "Edna, nimemkuta somo wangu." Frida alisubiri mpaka Oktoba, Frida wake alipoingia, akahamia huko na programu yake ya mahesabu. Mimi ubatizo wangu ni Monika. Nilihamia kwa Monika mwezi wa nane na sikuona sababu ya kujieleza.

Sixbert alitukusanya akaeleza kwamba la juu ndilo la kutumia, mengine ni akiba ya siku ya shida. Tulimsikiliza kwa heshima. Kesho yake kila mtu akaendelea na mtakatifu wake.

Mkuu Polikarp, kwa mfano, aliishi ndani ya mwezi wa pili mwaka mzima. Printa mpya tulinunua mwezi wa tano, kwa hiyo somo wake hakuifahamu. Kila akitaka kuchapa barua alikuja nayo kwangu kwenye flashi, ananikuta, anasimama pembeni, tunachapa kwa Monika. Nilimwambia abadilishe toleo. Akasema kutembea ni afya.

Azizi hakuwa na mtakatifu. Azizi ni Mwislamu wa Nakapanya, na alipoona ile orodha alimuuliza jirani yake, Mwalimu Kunegunda, achague lipi. Mwalimu akamwambia, shikilia mshale wa chini mpaka uishie, kisha ingiza, hilo la chini halina matatizo. Azizi akafanya hivyo mara moja na hakurudia tena, kwa sababu Azizi hazimi mashine, wala kompyuta inayoiendesha. Anasema mashine ya nukta nundu ikizimwa inaamka na hasira, inakunja karatasi zote za mwanzo. Frida alimsema kwa ajili ya umeme mpaka akachoka. Azizi alikuwa anajibu, "Nimekusikia, dada yangu, inshallah," na mashine inaendelea kuunguruma.

Na mwalimu mwenyewe? Siku ya Mtakatifu Kunegunda, mwezi wa tatu, Sixbert alimfanyia jambo zuri. Alitengeneza toleo jipya siku hiyo kusudi liitwe Kunegunda, akaliwekea sauti mpya, ya mwanamke, ya adabu, inayopumua kati ya sentensi. Tukasimama wote chumbani kwake, soda mkononi. Ile sauti ikamtakia heri ya somo. Mwalimu akamshika Sixbert mkono, akamshukuru sana. Mkuu akapiga makofi. Tukatoka hapo tukijua mwalimu yuko kwa Kunegunda, kama Polikarp alivyo kwa Polikarp.

Novemba mashine ya stoo ikajaa. Ilianza kuwaka taa nyekundu, nami nikampelekea mkuu taarifa. Sixbert alikuwa amekwenda kijiji cha Lusewa, msibani ukweni. Kabla hajaondoka alikuwa ameniachia kwenye mashine kitufe cha kufagia: unaonyesha matoleo ya kubakiza, mengine yanafutwa, na vifurushi ambavyo havitumiwi na toleo lolote lililobaki vinaondoka navyo. Alisema mashine ikijaa tumsubiri kwanza. Mkuu akasema msiba hauna ratiba na karatasi za kufunga mwaka zinatakiwa Jumatano, akaitisha kikao Ijumaa mchana, humu stoo, mimi, yeye na Frida.

"Tumwite na mwalimu?" Frida akauliza.

"Asisumbuliwe," mkuu akasema. "Ana mtihani wa kupanga. Na haya ni mambo ya skrini."

Ilikuwa sababu nzuri kabisa. Sikuona kasoro ndani yake. Nikaanza kusoma majina.

Kanuni aliileta mkuu, na niseme kweli, niliipenda: mtakatifu mwenye mtu wa jina lake humu ofisini abaki, asiye na mtu aende. Bonifasi akaenda. Bakita akaenda, Frida akasema masikini. Kwa Karoli Lwanga mkuu alisita, akavua miwani, akasema abaki kwa heshima. Monika nilimtaja mwenyewe na hakuna aliyebisha.

"Na la mwalimu?" Frida akauliza tena. Frida ana roho nzuri akishamaliza mahesabu.

"Lipo," nikamwambia. "Kunegunda. Hatuligusi."

Tukafurahi kwamba tumemkumbuka. Nikafika mwisho wa orodha.

"Kawaida."

"Huyo nani?" mkuu akauliza.

"Siyo mtu, mkuu. Ni siku. Kalenda haikuwa na mtakatifu."

"Kuna mtumishi anaitwa Kawaida?"

"Hakuna."

"Basi."

Akabonyeza mwenyewe. Mashine ikatafuna kwa muda mrefu, taa nyekundu ikazimika, tukaagana. Nikapita mlangoni kwa mwalimu, nikamkuta anafunika kompyuta yake kwa kitenge kama kila siku. Nikamwambia mashine sasa ni nyepesi. Akasema, "Hongereni."

Jumatatu asubuhi nilisikia ananiita. Mwalimu haiti watu. Kama anakuhitaji anakuja, anaufahamu ukumbi wetu kuliko mimi. Nikaenda haraka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Edna, niangalizie. Imewaka?"

Ilikuwa imewaka vizuri, inang'aa, picha ya ziwa Nyasa kwenye skrini. Hedifoni zilikuwa masikioni kwake. Ukimya wake nilikuwa nausikia mimi niliyesimama.

"Imewaka, mwalimu. Upo kwa Polikarp."

"Mimi nimeshikilia mshale wa chini mpaka mwisho. Ninavyofanya siku zote."

Sikuelewa upesi. Nikadhani amekosea kidole. Nikazima, nikawasha, nikamtafutia Kunegunda kwenye orodha, nikaingiza. Ile sauti ya kike ikamkaribisha kwa adabu. Mwalimu akasikiliza kidogo, akavua hedifoni.

"Huyu siye," akasema. "Huyu haongei na mashine ya nukta. Na ukimwongeza mwendo anameza maneno. Sikuwahi kumtumia zaidi ya siku ile."

"Lakini mwalimu, tulikupongeza. Soda tulikunywa."

"Sixbert alihangaika. Ningemwambiaje? Nilimshukuru, kesho yake nikarudi chini, nikaendelea na kazi."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa. Sijui mnapaitaje."

Mimi nilijua tunapaitaje. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni. Kwa miezi tisa mwanamke huyu alikuwa anapita mbele ya jina lake mwenyewe kila asubuhi bila kuliona, anakwenda mahali panapofanya kazi. Na sisi wenye macho tulikaa stoo tukachagua majina.

Nilimweleza. Sikupunguza kitu. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitenge, kisha akauliza, "Karatasi zinaondoka lini?"

"Keshokutwa."

"Nimebakiza hesabu na sayansi." Akakinyoosha kile kitenge. "Watanipangia shule gani, unadhani?"

Nilitoka nikaenda kumpigia Sixbert.

Lusewa mtandao unapatikana ukisimama karibu na mashine ya kusaga, na mtu anayelia msiba hasimami hapo. Nilipiga mpaka simu ikapata moto. Alipopokea alikuwa anapiga kelele kushinda mashine, na mimi napiga kelele huku nahangaika na ufunguo wangu wa stoo uliokuwa unagoma. Nikamwambia tumefagia. Nikamwambia Kawaida hayupo. Kwanza hakuamini kwamba mwalimu alikuwa Kawaida.

"Nilimwekea Kunegunda!"

"Halimfai. Aliona aibu kukwambia. Unaweza kumpata tena Kawaida?"

"Kile kifurushi cha zamani waliokitengeneza walishakiondoa mtandaoni, dada. Kilikuwa kwetu tu." Nilimsikia anapumua. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mfagio hauchukui kitu kinachotumika saa hiyohiyo, unasubiri kiachwe. Kama kuna kompyuta hata moja ilikuwa imewaka kwenye Kawaida wakati mnafagia, na haijazimwa mpaka sasa, vifurushi vyake vyote bado vipo. Vimepoteza jina tu. Nani hazimi kompyuta?"

Nilishusha simu, nikakimbia. Mimi sikimbii. Mara ya mwisho nilikimbia kwenye kipaimara cha mdogo wangu, mvua ilipotushika. Katikati ya ukumbi nikasikia LUKU, mita ya umeme, inalia ukutani, pii, pii, kwamba umeme tuliolipia unaisha. Ilikuwa inalia tangu Ijumaa. Tulishaizoea, ilikuwa kama jogoo wa jirani.

Azizi alikuwa amesimama mbele ya mashine yake, kidole kiko kwenye kitufe cha kuzimia.

"Azizi! Usizime!"

Aliruka. "Dada Edna, mwaka mzima mnaniambia nizime. Leo nimesikia mwalimu ana shida na umeme unaisha. Nimesema nizime hii, umeme uliobaki utumike kwake."

"Toa kidole."

Akatoa kidole. Akakishika kwa mkono mwingine, kwa usalama.

"Mtu yeyote asiguse," nikamwambia. "Hata Frida. Hata mkuu. Akija mtu wa kuzima, mkalie."

"Nimkalie nani?"

"Yeyote."

Nikarudi kwenye LUKU. Frida alikuwa benki. Nikanunua umeme kwa simu yangu, tarakimu zikaja, nikaanza kuziingiza kwenye kile kidude ambacho saba yake imefutika na nane yake inabonyea ikipenda. Mara ya kwanza ikakataa. Mkuu Polikarp akatoka ofisini kwake na flashi mkononi, anakuja kuchapa barua, akauliza kuna nini. Nikamwambia anisomee tarakimu na asiseme neno jingine. Nilimwambia hivyo mkuu wangu wa kazi. Akasoma, moja moja, kwa sauti yake ya besi ya kwaya, na mimi nikabonyeza. Pii ikakata. Taa hazikutikisika. Chumba cha pili nikasikia mashine ya Azizi inaunguruma kama kawaida yake, na nikamwambia Mungu asante kwa sauti, mbele ya mkuu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, na kwa hiyo ikachukua mchana kutwa. Sixbert alinisomea cha kuandika kwenye mashine ya stoo, yeye amesimama kwenye pumba Lusewa, mimi kwenye boksi la chaki. Nukta siyo mkato. Acha nafasi. Hapana, nafasi moja. Mtandao ukikatika tunaanza upya. Mkuu alishika tochi ingawa umeme ulikuwepo. Mwisho mashine ikaandika mstari mmoja, nikamsomea Sixbert, akaniambia niurudie.

"Limeshikwa," akasema. "Sasa hata Azizi akizima, halitoki. Mwambie mwalimu awashe."

Tulikwenda wote. Mkuu, mimi, na Azizi aliyekuja mpaka mlangoni tu, anaangalia nyuma kwenye mashine yake. Mwalimu akawasha, akashikilia mshale wa chini mpaka ukaishia, akaingiza. Alikuwa amechomoa hedifoni, nadhani kwa makusudi. Ile sauti ya mafua ikaanza kuvuma, haraka, mbaya, hakuna neno nililoshika. Mwalimu akafumba macho, akaweka mkono kifuani. Aliuacha hapo mpaka sauti ikamaliza, ndipo akahema. Nililia. Mkuu alisafisha miwani.

"Mwalimu," mkuu akasema, "Sixbert akirudi, hili toleo tutalibadilisha jina. Tutaliita Kunegunda. Lile jingine tutalifuta."

"Hapana, mkuu. Liacheni hivyohivyo."

"Lakini ni haki yako."

"Mkilipa jina langu mtalitunza kwa ajili ya jina." Alikuwa ameshaanza kupapasa karatasi za sayansi. "Ijumaa mlikuwa stoo. Ukuta wa stoo ni huu hapa. Nilisikia Edna anasoma majina, nikadhani ni litania ya watakatifu. Mngegonga tu huu ukuta mkaniuliza, mwalimu, unatumia lipi?"

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali, ningepata cha kujibu. Mkuu aliangalia flashi yake. Mimi nilisema, "Hatukukuuliza, mwalimu. Tusamehe." Akaitikia kwa kichwa, akavaa hedifoni, akatuonyesha mlango kwa namna ya mtu mwenye kazi.

Karatasi ziliondoka Jumatano. Azizi alichapa hesabu na sayansi mfululizo, na karatasi moja tu ilikunjamana. Afisa alipiga simu kusema zimefika salama, akapongeza, hakutaja mkoa mwingine. Mwalimu hakupangiwa shule.

Taa nyekundu ilirudi mwezi wa pili mwaka huu. Mkuu akaitisha kikao, na safari hii alikipeleka chumbani kwa mwalimu, ambako kuna viti viwili, kwa hiyo tulisimama. Azizi aliitwa. Sixbert alisoma majina kwa sauti kuanzia juu, na kila jina aliuliza nani analitumia na analifanyia nini. Siyo nani ni somo wake. Mkuu alimtetea Polikarp kwa muda, akaulizwa linachapa barua wapi, akamwachia. Mimi nilimwachia Monika. Kalenda ipo, nitamkuta ukutani. Frida alikataa kabisa, akasema mwenye shida na Frida aje na mahesabu yake, na kwa kuwa kweli mahesabu yapo huko, alibaki.

Sixbert akafika mwisho wa orodha. Kabla hajatamka kitu, mkuu alishageuka.

"Mwalimu," akasema, "la chini bado unalitumia?"

"Kila siku," mwalimu akasema.

Sixbert akaandika, tukahamia kwenye mambo mengineyo.